Vita vya kubuni, wafu wa kweli: filamu iliyotangulia mabomu ya Agosti 1998

NEEMA: Karibuni tena. Mimi Neema niko hapa Dar, mwenzangu Otieno yuko Nairobi. Kaka, ulinisumbua wiki nzima niitafute "Wag the Dog". Haya, nimeiona.

OTIENO: Ukacheka?

NEEMA: Nimecheka, halafu nimekasirika. Waeleze kwanza ambao hawajaiona.

OTIENO: Ilitoka mwishoni mwa 1997, mwongozaji Barry Levinson. Uchaguzi umebaki siku chache, rais wa Marekani anaingia kwenye kashfa na msichana mdogo. Ikulu inamwita fundi wa propaganda, Robert De Niro, naye anamfuata mtayarishaji wa Hollywood, Dustin Hoffman. Wanatunga vita na Albania ili kuifunika kashfa. Vita vyenyewe havipo, zipo picha za kwenye televisheni tu.

NEEMA: Ile ya paka jamani! Studio tupu, binti kavalishwa kama mkimbizi, anaambiwa akimbie huku kakumbatia pakiti ya chipsi. Kwenye kompyuta pakiti inafutwa, anawekwa paka. Nyuma wanaongeza kijiji kinachoungua. Halafu rais mwenyewe anaagiza: paka awe mweupe!

OTIENO: Na usidhani walibuni tu kutoka hewani. Filamu imetokana na riwaya ya Larry Beinhart ya 1993, inayovikejeli Vita vya Ghuba vya 1991, Marekani na wenzake walipoitoa Iraq Kuwait. Vita vile navyo vilikuwa na maigizo yake. Oktoba 1990 binti wa Kikuwait alitoa ushahidi mbele ya wabunge Washington, analia, kwamba aliona askari wa Iraq wakiwatoa watoto wachanga kwenye mashine za kuwatunzia hospitalini. Baadaye ikajulikana ni mtoto wa balozi wa Kuwait hukohuko Marekani, na kampuni ya uhusiano wa umma ilikuwa na mkono wake pale.

NEEMA: Kumbe wanasiasa ndio walioanza kuigiza.

OTIENO: Ndiyo, na filamu ikawarudishia. Januari 1998, bado inaonyeshwa kwenye majumba ya sinema, kashfa ya Rais Clinton wa Marekani na Monica Lewinsky, binti aliyekuwa mfanyakazi wa Ikulu, inalipuka. Watu wakawa wanaitazama kama taarifa ya habari.

NEEMA: Halafu ikafika kwetu. Tarehe 7 Agosti 1998, asubuhi, balozi mbili za Marekani, Nairobi na hapa Dar, zinalipuliwa karibu kwa wakati mmoja. Watu 224 walikufa. Wamarekani 12. Wafu wengine karibu wote ni watu wa huku.

OTIENO: Hapa Nairobi jengo la Ufundi, jirani kabisa na ubalozi, lilianguka lote. Na kuna jambo wageni wengi hawalijui. Kabla ya bomu lenyewe kulikuwa na mlio mdogo. Watu maofisini wakakimbilia madirishani kuchungulia, na mlipuko mkubwa ukawakuta palepale, vioo vyote usoni. Ndiyo maana wengi walipoteza macho.

NEEMA: Tarehe 17 Clinton anahojiwa kwa ajili ya jopo la mahakama kuhusu Lewinsky, usiku wake anakiri kwenye televisheni. Tarehe 20, kulipiza mabomu yale ya kundi la Osama bin Laden, anarusha makombora Afghanistan na kwenye kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, Khartoum.

OTIENO: Na pale Pentagon waandishi wakamuuliza Waziri wa Ulinzi, William Cohen, kuhusu filamu!

NEEMA: Hapo ndipo nilipokasirika. Kejeli ile ilijengwa juu ya vita visivyokuwepo. Agosti ile tulikuwa tunazika. Lakini kule mjadala ukawa wa Clinton na Lewinsky, wafu wetu wakageuzwa ile pakiti ya chipsi.

OTIENO: Dada, hapo sikubaliani nawe. Shaka ilikuwa halali. Walisema udongo wa Al-Shifa ulikuwa na kemikali ya kutengenezea silaha ya sumu, na ushahidi huo ukaja kutiliwa shaka sana. Mwandishi akinyamaza siku kama ile, mshahara anaulia nini?

NEEMA: Basi aulize udongo! Nani aliuchukua, lini, ukapimwa wapi. Kuuliza filamu ni uvivu.

OTIENO: Hapo umenishika. Na gharama ilikuja kuonekana. Ripoti ya Tume ya Septemba 11, ya 2004, inaitaja kejeli hiyo ya "Wag the Dog" waziwazi. Inasema makombora kutofanikiwa, kejeli yenyewe, uhasama wa vyama na utata wa ushahidi wa Al-Shifa, vyote pamoja huenda viliathiri maamuzi ya baadaye ya kutumia nguvu dhidi ya Bin Laden.

NEEMA: Komedi imeingia kwenye ripoti ya serikali.

OTIENO: Na haikuishia hapo. Desemba ya 1998 hiyohiyo Clinton akaanza kuipiga Iraq tarehe 16, na tarehe 19 Baraza la Wawakilishi likapiga kura ya kumshtaki kwa kashfa ileile. Unadhani watu walisema nini?

NEEMA: Hebu nipe basi filamu iliyoleta faida.

OTIENO: "JFK" ya Oliver Stone, 1991, kuhusu mauaji ya Rais Kennedy. Wanahistoria waliishambulia sana kwa kuchanganya ushahidi na mambo ya kubuni. Lakini mwishoni iliwakumbusha watazamaji kwamba kuna mafaili yamefungwa hadi 2029. Kelele zikapigwa, na Oktoba 1992 Bush mkubwa akasaini sheria ya kuyafungua. Mamilioni ya kurasa yakatoka.

NEEMA: Sasa hiyo naiheshimu, hata kama ina uongo ndani yake. Ilidai makaratasi, na kwa makaratasi hayohayo mtu anaweza kumkosoa Stone mwenyewe. Je, Al-Shifa? Makaratasi yake yaliwahi kufika mahakamani?

OTIENO: Mwenye kiwanda aliishtaki serikali ya Marekani. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya Washington ikasema hilo ni suala la kisiasa, si la majaji. Ule udongo haukujadiliwa.

NEEMA: Hiyo sasa ndiyo wangetengeneza filamu.

OTIENO: Mpigie Levinson.

NEEMA: Nitampigia, wewe lipia muda wa maongezi.