Wodi Zinafurika, Watumishi Wanapunguzwa

Mabibi na mabwana, wengi wetu hudhani kwamba janga la maradhi, kwa kuwa huongeza wagonjwa, ni lazima liongeze pia ajira za afya. Aprili 2020, mwezi mmoja tu baada ya Shirika la Afya Duniani kulitangaza janga la UVIKO-19, sekta ya afya nchini Marekani ilipoteza ajira takriban milioni 1.4, zaidi ya theluthi moja zikiwa za kliniki za meno.

Chanzo chake ni malipo. Pale ambapo hospitali huishi kwa ada ya kila huduma inayotolewa, upasuaji usio wa dharura ukiahirishwa, na wagonjwa wa kawaida wakaogopa kutoka majumbani, mapato hukauka hata kama wodi za wagonjwa mahututi zimefurika.

Kwa nini basi waliopunguzwa hawakuhamishiwa huko? Tazameni kazi moja tu, ya kumgeuza kifudifudi mgonjwa anayepumua kwa mashine: mmoja hushika kichwa na mpira ulioingia kooni, wengine hushika mabega, kiuno na miguu, wote wakimsikiliza yule wa kichwani anayehesabu, kwani mpira ukichomoka mgonjwa anaweza kufa palepale. Ujuzi huo haupatikani kwa semina ya siku mbili.

Pengo hilo lilizibwa kwa wastaafu walioitwa kazini na kwa wauguzi wa mikataba mifupi, ambao pengine walilipwa maradufu ya wenzao wa kudumu waliokuwa nao zamu moja. Sidhani kama kuna jambo lililowavunja moyo watumishi wa siku zote kuliko hilo, tukiacha vifo vyenyewe, maana Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021 walifariki wahudumu wa afya kati ya 80,000 na 180,000 kwa ugonjwa huo.

Ajira zilizofutwa Aprili zilirudi kwa sehemu kubwa, lakini mkongwe aliyeacha kazi kwa uchovu hakurudi na ujuzi wake. Nafasi yake ikijazwa na kijana aliyehitimu juzi, hesabu ya watumishi kwenye karatasi hubaki ileile, ilhali usiku, mgonjwa anapobadilika ghafla, kijana huyo hana wa kumuuliza.