Rejista ya Nyumba Mia: Familia za Mombasa na Msaada Wakati wa Janga

(Mhadhara uliotolewa Mombasa mbele ya wahudumu wa afya ya jamii, wazee wa mitaa na viongozi wa vikundi vya akina mama)

Wazee wetu, akina mama, wahudumu wenzangu wa afya ya jamii, asalaam aleikum, na wale wa imani nyingine hamjambo nyote. Nimeombwa nizungumze juu ya afya ya jamii na msaada unaozifikia familia wakati wa janga. Sitawaeleza korona ilikuwa nini, kwa kuwa hakuna aliyekaa hapa ambaye haikupita mtaani kwake. Nitazungumza juu ya jambo ambalo huonekana dogo, yaani orodha ya nyumba na mtu anayeishika, kwa sababu naamini kwamba familia nyingi zilizokosa msaada mwaka 2020 hazikukosa kwa uhaba wa mali peke yake, bali kwa sababu majina yao hayakuwa yameandikwa popote na mtu anayewafahamu.

Mgonjwa wa kwanza nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye shule ziliamriwa zifungwe, tarehe 27 mwezi huo huo kafyu ya usiku ikaanza, na tarehe 8 Aprili kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungiwa njia za kuingia na kutoka. Kufikia hapo watalii walikuwa wamekwisha kuondoka, na mtu aliyekuwa akiishi kwa mshahara wa hoteli, kwa kibarua, kwa tuktuk au kwa kukaanga viazi karai jioni alijikuta hana kitu ndani ya wiki chache. Huyu ndiye ninayetaka tumtazame. Mzee aliyetimiza miaka 70, yatima na mtu mwenye ulemavu mkubwa walikuwa na mahali pa kuhesabiwa, kwa kuwa Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa fedha wasiojiweza, ulikuwa na majina yao, na serikali ilipotangaza mwezi Machi kwamba imetenga shilingi bilioni 10 kwa ajili ya makundi hayo, angalau ilijulikana fedha ziende kwa nani. Mpishi wa hoteli aliyeachishwa kazi hakuwa mzee, wala yatima, wala mlemavu. Mwezi Februari alikuwa akilipa karo ya watoto wa ndugu zake, na mwezi Aprili hakukuwa na daftari lolote la serikali lililomtambua kuwa mhitaji.

Baadaye ulikuja mpango wa kutuma shilingi 1,000 kwa wiki kwa familia za mitaa ya mabanda kupitia simu. Nia ilikuwa njema na njia ya kutuma ilikuwa nyepesi, lakini swali la nani aandikwe liliachiwa watu ambao hawakutakiwa kueleza waliandika kwa kigezo gani. Shirika la Human Rights Watch lilipouchunguza mpango huo na kutoa ripoti yake mwaka 2021, lilieleza habari za upendeleo, kujuana, na familia zilizostahili zilizoachwa bila kuambiwa sababu. Wengi wenu mlishuhudia mambo hayo bila kusoma ripoti yoyote. Orodha inayoandikwa kwa haraka katikati ya njaa huandikwa na aliye karibu na kalamu, na majirani wakishaona hivyo, hata yule aliyeandikwa kwa haki hutazamwa kwa jicho baya.

Kuna msaada mmoja ambao haukuhitaji orodha, nao nauona kuwa uliwafaa watu kuliko mifuko mingi ya unga iliyopigwa picha. Katikati ya mwezi Machi 2020, baada ya mashauriano na Benki Kuu, ada ya kutumiana fedha zisizozidi shilingi 1,000 kwa M-Pesa iliondolewa, na msamaha huo ukaendelea hadi mwisho wa mwaka. Mtu aliyeko Nairobi aliweza kumtumia mama yake wa Likoni shilingi 200 leo na 300 kesho kutwa bila kukatwa. Vyama vya akina mama, ambavyo haviwezi kukutana katika kafyu, viliendelea kuchangishana kwa simu. Hapa serikali haikujifanya inazijua familia. Iliondoa kizuizi, na wanaojuana wakasaidiana wenyewe.

Sasa niingie Mji wa Kale, kwa sababu pale ndipo somo lilipokuwa kali zaidi. Tarehe 6 Mei 2020, ndani ya mwezi wa Ramadhani, mtaa huo wa Mombasa na ule wa Eastleigh jijini Nairobi ilifungwa, mtu asitoke wala asiingie, na hali hiyo ikaendelea mpaka mwanzoni mwa mwezi Juni. Kabla ya hapo maafisa walikuwa wakilalamika kwamba wakazi hawajitokezi kupimwa. Lilisemwa neno ujinga, likasemwa neno ukaidi, na nadhani mengine yaliyosemwa si ya kurudiwa mbele ya wazee. Lakini hebu tulifikirie jambo lenyewe jinsi lilivyokuwa mbele ya baba mwenye watoto watano. Aliyekutwa na virusi alipelekwa kutengwa, na waliokaa naye wakapelekwa karantini, na katika wiki za mwanzo aliyewekwa karantini alidaiwa gharama za kukaa kwake huko. Yaani baba huyo, akikubali kijiti kimoja puani, aliweza kuiingiza nyumba nzima katika deni la siku 14, huku duka lake limefungwa. Kukataa kwake kulikuwa hesabu ya nyumbani iliyopigwa sawasawa. Serikali ilitangaza mwezi huo huo wa Mei kwamba yenyewe itabeba gharama za karantini katika vituo vya umma, jambo ambalo lingetangazwa siku ya kwanza lingepunguza hofu nyingi. Wahudumu waliozaliwa katika vichochoro vile walikuwa wakiijua hesabu hiyo tangu mwanzo, hawakuulizwa.

Tarehe 10 Juni 2020 Wizara ya Afya ilizindua mwongozo wa kuwatunza nyumbani wagonjwa wasio na dalili kali. Mwongozo ulitaka mgonjwa awe na chumba chake chenye hewa ya kutosha, mtu mmoja wa kumhudumia, na, ikiwezekana, choo chake peke yake. Nawaomba mchukue karatasi hiyo mkaisimamishe katika nyumba ya Kiswahili ya kupangisha kule Kisauni au Majengo. Ukumbi mmoja katikati, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, kila chumba na familia yake, uani kuna choo kimoja na bafu moja, na maji hununuliwa kwa mtungi kutoka kwa mwenye mkokoteni. Mhudumu anabisha hodi, anamwamkia bibi mwenye nyumba shikamoo, anaitikiwa marahaba mwanangu karibu, kisha anaulizwa swali ambalo halikuwamo katika mafunzo yake: “Huyu kijana nimtenge na nani, wakati chumbani wamo sita, na mlango unaofuata yupo mwenye kifua kikuu?”

Waliolijibu vizuri swali hilo walilijibu kwa kuijua nyumba. Nitaeleza jinsi mambo yalivyoweza kupangwa, kwa sababu siku nyingine yatahitajika tena. Watoto wa chumba cha mgonjwa walihamishiwa kwa shangazi au kwa jirani aliyekuwa na nafasi, kabla hawajaanza kukohoa. Mgonjwa aliachiwa chumba chenye dirisha la nje, wala si kile cha ndani kinachopumulia ukumbini. Bafu lilipangiwa zamu, mgonjwa akawa wa mwisho, na baada yake likapigwa dawa ya jiki iliyochanganywa kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, kipimo ambacho hutoa dawa ya asilimia 0.5 ikiwa jiki yenyewe ni ya asilimia 3.5. Chakula kiliwekwa mlangoni juu ya kigoda. Na kilichokuwa kigumu kuliko yote hayo, alitafutwa mtu wa kulipia mitungi ya ziada, kwa sababu amri ya kunawa mikono ina bei yake katika nyumba inayonunua kila tone la maji. Ninaposema kwamba afya na msaada ni kazi moja, nakusudia mtungi huo. Mhudumu aliyepeleka maelezo bila kujua maji yatatoka wapi aliitikiwa kwa heshima zote, akaondoka, na hakuna kilichobadilika.

Magonjwa mengine hayakungoja korona iishe. Mjamzito alishikwa na uchungu saa nne ya usiku wakati barabarani hakuna matatu, na dereva wa teksi anaogopa rungu la askari. Jijini Nairobi daktari kijana wa uzazi, Jemimah Kariuki, alilisemea jambo hilo hadharani, na ukaanzishwa mpango wa Wheels for Life uliowapatia wajawazito usafiri wa bure usiku. Kwetu huku ilitegemea zaidi kama mhudumu alikuwa amemwandika mjamzito huyo, anajua miezi yake, na amekwisha kuzungumza mapema na mwenye tuktuk mmoja na mzee wa mtaa mmoja. Wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI walianza kupewa dawa za miezi mitatu kwa mkupuo, hatua nzuri sana, ingawa ilimtaka mtu awe na mahali pa kuzihifadhi pasipo na macho ya watu. Watoto walikosa chanjo zao za kawaida kwa sababu mama zao waliogopa zahanati.

Na kulikuwa na yale yaliyotokea ndani ya milango iliyofungwa. Shule zilifungwa tangu Machi, madarasa matatu tu yakarudi mwezi Oktoba 2020, na waliosalia wakasubiri mpaka Januari 2021. Mtoto anayepigwa au kuingiliwa na mtu wa nyumbani hupoteza, shule ikifungwa, mtu mzima wa nje ambaye angemwona kila siku. Nambari za bure zilikuwepo na bado zipo: 116 kwa mambo ya watoto, 1195 kwa ukatili wa kijinsia, na 1199 ya Msalaba Mwekundu kwa aliyezidiwa na mawazo. Nawasihi msizibandike ukutani mkadhani kazi imekwisha. Katika chumba kimoja chenye simu moja inayoshikwa na yule yule anayepiga, nambari hiyo haipigiki. Mwanamke anahitaji kisingizio cha kutoka, na kisingizio kizuri ni mhudumu anayekuja kumwita kwa jambo lisiloshukiwa, kama kupima mkono wa mtoto kwa utepe wa lishe. Utepe huo ukisoma chini ya sentimita 11.5 mtoto ana utapiamlo mkali na apelekwe kituoni, lakini hata ukisoma vizuri mmepata dakika kumi za kuzungumza uani.

Tangu wakati ule mengi yamebadilika, na haki yake nimpe mwenye kustahiki. Mwaka 2023 ilipitishwa Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi, na mwezi Septemba mwaka huo wahudumu zaidi ya 100,000 kote nchini walikabidhiwa mikoba yenye mashine ya kupima presha, kipimo cha sukari, kipimajoto, mizani na simu. Posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi ilikubaliwa ichangiwe nusu kwa nusu na serikali kuu na kaunti. Mnazifahamu kuliko mimi siku ambazo nusu moja hufika na nyingine haifiki, na sitajifanya kwamba mtu anaweza kuzunguka nyumba mia kwa ahadi. Kila mmoja wenu amepangiwa takriban nyumba hizo mia, na kumi kati yenu mnafanya kitengo kinachohudumia watu wapatao 5,000. Hakuna ofisi nyingine yenye ujuzi huo, si ya chifu wala ya kaunti.

Lakini rejista ya nyumba, ile MOH 513 tuliyokuwa tukiijaza kwa mkono na ambayo sasa imo ndani ya simu, iliundwa kwa ajili ya magonjwa. Inauliza choo, chandarua, mjamzito, mtoto wa chini ya miaka mitano. Haiulizi ni nani katika nyumba hii anayekula kwa kibarua cha siku, maji yanatoka wapi bomba likikauka, chumba gani kina dirisha la nje, nani ana ndugu wa karibu anayeweza kupokea watoto, nani ana tuktuk na hulala nayo, simu ya nyumba iko mkononi mwa nani. Maswali hayo sita ndiyo yaliyoamua mambo mwaka 2020. Napendekeza kila mhudumu ayaandike katika daftari la kawaida, kidogo kidogo, katika ziara zake za kila siku, wala asiende nyumba kwa nyumba akiyauliza kwa pamoja, kwa sababu watu watadhani kuna fedha zinakuja, na wakishadhani hivyo majibu yatapinda.

Wazee wa mitaa watanisamehe kwa hili la mwisho. Daftari hilo lisisomwe barazani, lisipelekwe kwa mwanasiasa yeyote akiliomba, hata akija na lori la unga nyuma yake. Likae kwa mhudumu, na nakala yake kwa msimamizi wa kitengo katika zahanati, ili mhudumu akihama au akifariki nyumba zake mia zisipotee. Mgawaji wa msaada akija, apewe idadi kwanza: nyumba 40 zinahitaji chakula, nyumba 12 zinahitaji maji. Majina yatolewe tu kwa kikao cha watu watatu wasiopungua, mmoja wao akiwa mwanamke asiye na undugu na mhudumu, na kila jina litakalokataliwa liandikwe sababu yake kando, ili mwenye jina akija kuuliza, aonyeshwe mstari huo na asomewe.