Hodi kwa mtu usiyemjua

NEEMA: Karibu tena msikilizaji, tuko Dodoma na leo upepo unavuma tangu asubuhi. Mimi ni Neema, niko na kaka yangu Elia. Tunazungumzia barua pepe kwa mtu ambaye hakujui kabisa. Elia, tuanze na ile yako.

ELIA: Nilipomaliza chuo niliandika barua moja ya kuomba nafasi ya kujitolea, nikaituma kwa watu 40 kwa mkupuo. Anwani zote zikaonekana pale juu. Hakujibu hata mmoja. Iliniuma sana, nikadhani wasifu wangu ndio mbaya.

NEEMA: Pole, kaka. Mtu akiona wenzake 39, anajua hukumwandikia yeye. Mwaka 1978 Gary Thuerk, wa kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, alituma tangazo la kompyuta kwa watu wapatao 400 kwa mpigo. Walilalamika, na mpaka leo tangazo lile linatajwa kuwa barua taka ya kwanza. Ulianzaje yako?

ELIA: "Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 24..."

NEEMA: Hapo ndipo nataka tukae. Hiyo ni barua ya kiofisi tuliyofundishwa shuleni. Kwa mwajiri aliyetangaza nafasi inafaa, maana anaisubiri. Asiyekujua hasubiri chochote. Anaisoma kwenye simu, pengine amesimama kituoni Sabasaba. Ukianza na umri na shule ulizosoma, shida yako iko aya ya nne, na yeye hafiki huko.

ELIA: Lakini dada, kwetu huwezi kusema shida ukiwa mlangoni. Unapiga hodi, unakaribishwa, mnasalimiana, ndipo unasema.

NEEMA: Kweli kabisa, na hodi yenyewe ni kile kichwa cha barua. Mwenye nyumba akiuliza "nani?", ukijibu "mimi", hafungui. Kichwa kinachosema "Ombi la msaada" ni hiyo "mimi". Ngoja nisome niliyomwandikia mtafiti mmoja wa zabibu, sikuwa nimewahi kumwona. Kichwa: "Zabibu Hombolo: ubwiri unga au ubwiri vinyoya?" Kisha: "Habari za kazi, Daktari. Nimesoma kipeperushi chako cha magonjwa ya mzabibu. Shamba la baba yangu Hombolo, ekari moja na nusu, majani yameshika ukungu mweupe tangu mvua za Januari. Naomba kujua jambo moja: tutayatofautishaje magonjwa haya mawili kabla hatujanunua dawa? Sentensi mbili zinanitosha." Jina langu, namba ya simu, basi.

ELIA: Hukuweka shikamoo?

NEEMA: Niliiwaza sana. Sikujua umri wake, na kumwamkia mtu wa rika lako kunamkwaza. Ukijua ni mkubwa kwako, mwamkie. Jina lake ndilo usilikosee, hata herufi moja. Na Kiswahili kinatosha! Mtanzania mwenzako hakupimi kwa Kiingereza.

ELIA: Kinachonigusa ni ile "jambo moja". Mimi niliomba nafasi, ushauri, na kama hana, aniunganishe na wengine.

NEEMA: Ukiomba matatu, anaahirisha yote. Halafu ulipaswa kuonyesha umesoma kazi yake. Kusema "navutiwa na kazi yako" hakutoshi, taja kitu ulichokisoma.

ELIA: Asipojibu?

NEEMA: Subiri wiki, mkumbushe mara moja tu juu ya barua ileile, mistari miwili. Akinyamaza tena, mwache. Na usiambatishe mafaili ambayo hajaomba, mtu anaogopa kufungua kitu cha mgeni.

ELIA: Daktari alijibu?

NEEMA: Siku ya tatu. "Geuza jani, piga picha upande wa chini, nitumie." Vinyoya huota huko chini. Ulikuwa ubwiri vinyoya, na baba alikuwa ameshatenga hela ya dawa nyingine.

ELIA: Katika wale 40 yupo mmoja, ameandika juu ya uvunaji wa maji ya mvua mashuleni. Usiku huu nampelekea swali moja: tangi la shule yetu linapasuka kila kiangazi, tuanze kukagua wapi?

NEEMA: Na kichwa?

ELIA: "Tangi la shule Chamwino linapasuka kiangazi."

NEEMA: Mtumie huyo peke yake.