Mke yuleyule, cheti kilekile: viza ya mwenza wa raia wa Ulaya

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Ahsanteni kwa kuja, hasa nyinyi mliotoka Nungwi na Paje. Najua gari ya kurudi shamba haimngoji mtu, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Wengi humu mmeoa au mmeolewa na watu wa Ulaya. Kila mara naulizwa: "Dada, mume wangu Mtaliano, si niende naye tu?" Nami humuuliza: mnakwenda wapi?

Kila kitu kinaanzia hapo. Chukueni binti wa hapa aliyeolewa na Mtaliano, wanaishi hapahapa Unguja. Wakitaka kwenda Hispania wiki mbili, wanakingwa na Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2004/38, la Aprili 2004, yaani sheria inayozibana nchi zote za Umoja. Viza bado anaihitaji, maana pasi yake ni ya Tanzania. Lakini anapewa bure, wakati mwombaji mwingine hulipa yuro 90, na ubalozi unatakiwa umshughulikie haraka. Hadaiwi taarifa ya benki, bima ya safari, hoteli wala barua ya mwajiri. Aonyeshe tu kwamba yeye ndiye yeye, kwamba mumewe ni raia wa Umoja, kwamba wameoana, na kwamba wanasafiri pamoja au anamfuata aliko.

Sasa binti huyohuyo, na mume huyohuyo, wabadilishe safari waende Milano kumwona mama mkwe. Agizo halimkingi tena! Liliandikwa kwa ajili ya raia anayekwenda nchi ya Umoja isiyo yake. Mtaliano akiwa Italia yuko kwao, na mkewe anaangukia sheria ya Italia yenyewe. Nchi nyingine huwalegezea masharti wake na waume wa raia wao, lakini hilo ni kwa sheria zao. Tazameni Ujerumani: Mjerumani akitaka mkewe Mtanzania ahamie kwake, kwa kawaida mke lazima apasi kwanza Kijerumani cha ngazi ya A1, yaani ya mwanzo kabisa. Mjerumani huyo angehamia Hispania kufanya kazi, mkewe asingeulizwa hata neno moja la Kihispania. Jambo hili linaniumiza hadi leo, kwamba mtu awe na haki pungufu kwao kuliko ugenini. Unafuu upo kwa waliokwisha kuishi kwa kweli katika nchi nyingine ya Umoja wakarudi: tangu Mahakama ya Umoja ilipotoa hukumu ya 1992 katika kesi inayoitwa Surinder Singh, haki hiyo wanarudi nayo nyumbani.

Kuna jina jingine naomba mlishike: Metock. Ni Mkameruni aliyeomba hifadhi Ireland, akakataliwa, akaoa huko mwanamke mwenye uraia wa Uingereza aliyekuwa akifanya kazi hapo. Serikali ikamwambia hana haki ya kukaa, kwa kuwa hakuwahi kuishi kihalali katika nchi nyingine ya Umoja. Tarehe 25 Julai 2008 Mahakama ya Umoja ikaamua kuwa sharti hilo halimo katika Agizo, na nchi haiwezi kujiongezea. Kwa wenza wa Waingereza, mlango huu umefungwa tangu mwanzo wa 2021, kwa kuwa Uingereza imejitoa katika Umoja.

Cheti cha ndoa cha kwa Kadhi kinafaa. Ndoa iliyofungwa kihalali popote duniani hutambuliwa kwa shughuli hii. Kitafsirini tu kwa mfasiri anayekubalika. Ila nawaambia wazi, wanangu: ndoa ya mke wa pili, nchi za Ulaya hazilazimiki kuitambua, hata kama hapa ni halali kabisa. Ulizeni kabla hamjakata tiketi.

Mimi mwenyewe mara ya kwanza niliambiwa dirishani nilete taarifa ya benki ya miezi mitatu. Nilikuwa ninakwenda na mume wangu nchi isiyo yake. Hawakuwa na haki ya kunidai. Nikarudi Unguja na boti ya jioni, nikamkopa shemeji, nikaziweka fedha kwenye akaunti, nikalala macho nikihesabu siku. Sikujua. Leo ningesema kwa adabu: kama mnanikataa, nipeni kwa maandishi. Ndivyo inavyotakiwa: barua ya kukataliwa, yenye sababu, inayotaja pa kukata rufaa. Na sababu zenyewe ni chache: hatari kwa usalama, utulivu au afya ya umma, au udanganyifu kama ndoa ya uongo.

"Hatuna hakika utarudi" haimo. Maneno haya huwavunja moyo waombaji wengi, lakini mwenza aliyekingwa na Agizo hatakiwi kuthibitisha kwamba atarudi. Mume akipata kazi katika nchi hiyo na wakataka kukaa zaidi ya miezi mitatu, mke anaomba kadi ya ukaazi akiwa hukohuko, na mamlaka lazima zimpe ndani ya miezi sita.