Kuchora ubao wa pembesita 61 kwa mchezo wa kuteka milki

Assalamu alaikum watazamaji. Leo tunachora ubao wa wachezaji watatu, pembesita 61, kwenye manila moja ya A2. Ramani yetu ni ya kubuni. Ukichora visiwa vyetu kama vilivyo, aliyepewa Pemba anajifungia kisiwani na hakuna wa kumng'oa, mchezo unadorora.

Kwa nini si miraba kama ya drafti? Kwenye mraba, kwenda mshazari ni masafa marefu kuliko kwenda mbele, na hapo ndipo ubishi wa barazani unapoanza. Chumba cha pembesita kina majirani sita, wote masafa sawa. Raha tupu.

Vifaa: penseli iliyochongwa vizuri, raba, bikari ya skuli, kalamu nyeusi, markapeni. Rula ya sentimita 30 haitoshi, tafuteni ya 50 au ya mita. Na feni izimwe, manila isipepee.

Haya. Mstari wa kati, chorani katikati ya manila. Wekeni vitovu tisa, yaani nukta za katikati ya vyumba, kwa sentimita: 0, 4.33, 8.66, 12.99, 17.32, 21.65, 25.98, 30.31, 34.64. Rula isinyanyuliwe! Someni zote kutoka sifuri. Ukipima kimoja kimoja kutoka kilichopita, kosa dogo linajilimbikiza hadi mwisho wa mstari.

Mstari wa pili: pandeni 3.75, na kitovu cha kwanza kiingie ndani 2.17. Narudia, kupanda ni 3.75, si 4.33. Ile 4.33 ni ya kwenda pembeni tu. Tumieni pembe ya daftari mpate wima kamili. Mstari huu una vitovu vinane, unaofuata saba, sita, tano. Upande wa chini vivyo hivyo. Hesabuni: 61.

Sasa bikari, na hapa nyote tulieni. Ifungueni 2.5 kamili, kazeni skrubu, chorani mduara hafifu kwenye kila kitovu. Subirini, kivuli cha mkono kimeziba... enhe, sasa mnaona. Miduara mitatu inapokutana kwenye nukta moja, hiyo ndiyo kona ya pembesita. Unganisheni kona kwa rula, basi.

Sogezeni macho kwenye kipande hiki cha majaribio. Miduara mitatu imeacha kipembetatu katikati. Maana yake bikari imelegea. Nusu milimita tu ya bikari inatosha miduara isikutane kwenye nukta moja. Kila mkimaliza mstari, irudisheni bikari kwenye rula: 2.5? Endeleeni. Si 2.5? Futeni mstari huo wote, msiubembeleze. Kila mstari, tafadhali, kila mstari.

Pitisheni kalamu, futeni miduara. Rahisi.

Sasa ramani yenyewe, na hapa ndipo utamu ulipo. Toeni chumba cha kati, vinabaki 60, yaani 20 kwa kila mchezaji. Katika 20 hivyo, vinne viwe bahari, 16 vigawanywe milki nne za vyumba vinne vinne. Chorani theluthi moja tu, ipitisheni kwenye karatasi inayoonyesha, ichomeni pini kwenye kitovu cha kati, izungusheni theluthi ya duara, mara mbili. Wote watatu wanapata ardhi ile ile.

Bahari isiguse chumba cha kati. Na kila milki iwe na majirani wawili au zaidi. Milki yenye mlango mmoja ni ngome: mwenyewe anarundika askari mlangoni na hatoki tena. Chumba cha kona ya ubao kina majirani watatu tu, cha ukingoni wanne, kwa hiyo kituo cha kuanzia kiwe kona kwa wote, moja baada ya kuruka moja. Chumba cha kati kinashambuliwa pande sita. Mimi nakipa zawadi ya askari wawili kila zamu, la sivyo hakuna atakayekitaka.

Mipaka ya milki iacheni kwa penseli mpaka mcheze raundi nzima. Milki inayotekwa kila mara kwanza, ihamishieni bahari pembeni yake, na mbadilishe theluthi zote tatu. Baada ya hapo ndipo markapeni.

Askari ni komwe, kila mchezaji rangi yake, rangi ya kucha inashika vizuri. Chumba kinabeba komwe tatu. Wakizidi, wekeni kizibo cha soda badala ya askari watano.