Hedifoni za Kupunguza Kelele kwa Mnunuzi wa Kipato cha Kawaida

Mabibi na mabwana, vijana wetu na wazazi mliofika,

Nimeombwa nizungumzie hedifoni za bei nafuu zinazopunguza kelele, na ningependa tuelewane tangu mwanzo kwamba faida yake kubwa ni usalama wa masikio, kuliko hata uzuri wa muziki. Abiria aliyeketi karibu na injini ya daladala huongeza sauti ya simu yake mpaka ishinde ule mngurumo, na hufanya hivyo asubuhi na jioni bila kuhisi maumivu yoyote. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) isisikilizwe kwa zaidi ya saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, muda huo unashuka hadi saa 4 tu. Kelele ya nje ikipungua, msikilizaji hana sababu ya kupandisha sauti, na hapo ndipo fedha yake inapopata thamani.

Wazo lenyewe si geni. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya Marekani mwaka 1936 kwa mbinu ya kuzima sauti kwa sauti, na mwaka 1978 Amar Bose, mwanzilishi wa kampuni ya vifaa vya sauti ya Bose, akiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Boston, alianza kupiga hesabu za namna ya kuiingiza mbinu hiyo katika hedifoni. Kinasa sauti kidogo husikia kelele, kisha saketi hutengeneza wimbi lililo kinyume chake, palipo na kilima pakawa bonde, na mawimbi hayo mawili yakikutana sikioni hudhoofishana.

Mbinu hii hufanya kazi vizuri kwa mngurumo mzito usiobadilikabadilika, kama wa jenereta, feni, basi au ndege. Mazungumzo ya jirani, honi na kilio cha mtoto ni sauti nyembamba zaidi, tena hubadilika haraka, kwa hiyo kinachozizuia hasa ni mto wa hedifoni kukaa sawasawa sikioni. Anayetarajia ukimya kamili atavunjika moyo, hata akinunua hedifoni ghali kuliko zote.

Dukani, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, someni herufi za kwenye boksi kwa makini. ANC ndiyo inayopunguza kelele unayoisikia wewe. ENC husafisha sauti yako wakati wa kupiga simu, ili yule wa upande wa pili akusikie vizuri, na haikupi wewe utulivu wowote. Wauzaji wengi huzichanganya herufi hizi, na naona jambo hilo linawaumiza wanunuzi wetu kuliko hata bei.

Baada ya hapo, ombeni kuijaribu. Simama karibu na feni au jenereta ya duka, vaa hedifoni bila kuwasha muziki, kisha bonyeza kitufe cha kupunguza kelele, ukiwasha na kuzima. Mngurumo usipopungua waziwazi, irudishe. Mvaaji wa miwani na aangalie pia kama mkono wa miwani unaacha upenyo kati ya mto na ngozi, kwa sababu hata upenyo mdogo hupitisha mngurumo. Kwa zile za kuingiza sikioni, jaribu vipira vya ukubwa wote vilivyomo kwenye boksi. Mara nyingi kasoro huwa ni kipira kisichokutosha.

Kuhusu majina, kwa maoni yangu ni afadhali kununua bidhaa halisi ya kampuni inayouza kwa bei ya chini, kama Oraimo, QCY au Soundcore, kuliko nakala bandia yenye jina la Sony au Apple, ambayo mara nyingi haina hata hiyo saketi ya kupunguza kelele.

Mkishanunua, msiongeze sauti kwa mazoea. Washeni kwanza kipunguza kelele, kisha pandisheni sauti polepole kutoka chini mpaka maneno yasikike. Barabarani kizimeni, hasa mnapovuka penye bodaboda, kwa maana mngurumo wa pikipiki ni miongoni mwa sauti ambazo kifaa hiki huzififisha. Mito ikianza kuchanika, tafuteni mingine mapema, kwani hedifoni yenye mito iliyochakaa haizibi tena sikio hata kama chaji yake bado inadumu.