Kigae na shingo ya chupa: maneno yangu ya jioni pale Mkunguni, Lamu

Asalaam aleikum wazee, akina mama, na nyie vijana wa huko nyuma sogeeni basi manake sina spika. Nimekuja na vitu viwili tu, kigae cha chungu na shingo ya chupa ya soda, vyote nimeokota ufuoni hapahapa.

Tizameni kigae. Pale kilipovunjika mnaona chembe za mchanga, sindio? Mfinyanzi kautia kusudi, udongo mtupu ukikauka unajikunja sana unapasuka. Halafu kuna maji ya namna mbili, yale ya kawaida yanatoka nyuzi 100, ukichoma chungu kibichi yanageuka mvuke ndani utasikia pah! kama risasi, na kuna mengine yamefungwa ndani ya udongo wenyewe, hayo yanatoka kama kwenye 500 na kuendelea, yakishatoka hata ukikiloweka mwaka hakirudi tope. Moto wa kuni na makuti uwanjani ni 700, 800 hivi, hauzibi vitundu vya udongo, ndo mana mtungi unatoa jasho na maji yake baridi. Zile bakuli za Kichina zilizopachikwa kwenye kaburi la mnara kule Mambrui, karibu na Malindi, zimechomwa karibu 1300, udongo umeyeyuka kidogo ukaziba vitundu.

Chupa sasa ni kinyume, udongo unafinyanga baridi ndo uchome, kioo kiive kwanza ndo ukiumbe. Mchanga mtupu unataka kama 1700 kuyeyuka, unatiwa magadi kuushusha, na chokaa, bila hiyo kioo kingeliwa na maji. Na hakigandi ghafla kama barafu bwana, kinakuwa asali, kisha halua, na pale kwenye uhalua ndo fundi anapuliza, akichelewa kinarudi tanurini.

Kazi ni kupoza. Ngozi ikipoa tumbo bado lina moto, vinavutana, kinaweza kupasuka hata kesho yake, kwa hivo kinawekwa tanuri la kama 500 kishushwe taratibu. Kioo cha darubini ya Palomar, Marekani, upana mita 5, walikimimina 1934 wakakipoza kama miezi 10!

Mama mmoja kauliza, mbona glasi nene ndo inapasuka na chai? Kwa sababu ndani inatanuka na nje haijapata habari, mama. Ile nyembamba joto linapita upesi. Tia kijiko kwanza, kitakupunguzia.